Safari ya Masaa Manne

Asubuhi hiyo Ndindi alikuwa amepanda juu ya pipa nyuma ya nyumba yao, hapo mtaani Jericho, ameshika beseni, akingoja ndege ya mama yake. Ilipita saa moja na nusu kama kawaida, chini chini, kivuli chake kikilamba nguo kwenye kamba. Maziwa yakadondoka juu ya paa lao peke yake. Ndindi akakinga. Jana yalifika kidole kimoja. Leo yalifunika tu maua yaliyochorwa chini ya beseni.

"Yamepungua tena?" akauliza Mama Wacera wa mlango wa pili, akikamua shuka.

"Yamepungua."

"Na huko juu anakula nini, maskini? Ningekuwa na mkono mrefu ningempitishia uji."

Mama aliondoka Februari, mwaka wa themanini na tatu, kwenda kazi ya nyumba Jeddah. Sasa ilikuwa Mei na ndege haijatua. Munyoki, mtoto aliyemwacha akinyonya, maziwa ya paketi alitapika, ya kopo alitapika. Haya ya ndege tu ndiyo yalikaa tumboni.

Ndindi akamnywesha, akamfunga mgongoni, akatembea mpaka mjini, kwa ofisi iliyompeleka mama. Karani, Bwana Gachanja, akatandaza ramani, akapima na rula kabla hajaulizwa.

"Hapa mpaka Jeddah, maili elfu moja mia sita hivi. Masaa manne."

"Amemaliza miezi mitatu."

"Hiyo ni kungoja, msichana. Safari yenyewe ni masaa manne."

Akaeleza tena. Mfanyakazi hateremki mpaka tajiri wake afike uwanjani amsainie. Tajiri ameenda likizo.

"Basi si arudi tu," Ndindi akasema, akiangalia viatu vyake.

"Kurudi pia, tajiri asaini. Si mama yako mwenyewe aliweka kidole kwenye mkataba?"

Nyuma yake wanawake wanane walikuwa kwenye foleni na masanduku yao. Blauzi ya wa kwanza ilikuwa imelowa kifuani.

"Anayefuata," akasema Gachanja.

Njiani kurudi Munyoki alilia mpaka wakafika karibu na soko la Gikomba, halafu akanyamaza. Ndindi akamtikisa kidogo. Alikuwa anapumua, macho wazi, lakini kulia hakulia tena. Akaingia posta mbio.

Nalianya, karani wa telegramu, akachukua kalamu. "Anwani?"

"Ndege ya Jeddah. Kiti cha dirishani."

"Upande?"

"Wa kushoto. Ndio unapita juu yetu."

Akaandika, kisha akamsomea: "MAMA TEREMKA BILA SAINI. MUNYOKI HALII TENA." Akainua macho. "Si hiyo ni habari njema?"

"Hapana."

Akapiga muhuri, akaituma.

Saa kumi na mbili jioni ndege ikapita tena, madirisha yake yakiwaka taa. Ndindi akainua beseni juu kabisa, Munyoki mgongoni. Mlio ukaisha upande wa Mukuru. Akateremsha beseni, akaangalia ndani. Maua yote yalionekana, makavu.