Masale Manne Chini ya Lori

1.

TANGAZO
Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji, Nkwamare

Kwa kuwa baridi imekwisha na mvua za vuli bado hazijaanza, kila kaya itasafisha uwanja wake, itazibua mfereji unaopita kwake na itakata majani makavu ya migomba. Aidha, gari lolote lililolala uani bila kutembea litahesabiwa kuwa chuma chakavu, na litachukuliwa Jumamosi na mkandarasi wa vyuma. Isipokuwa gari litakalotoka getini lenyewe, kwa injini yake, mbele ya Mtendaji.
Kusukumwa na watu hakutakubaliwa.
Kuvutwa na ng'ombe hakutakubaliwa.

(Mstari wa ng'ombe umeongezwa kwa kalamu. Unanihusu. Ni hadithi ndefu, na ng'ombe mwenyewe alikataa.)

2.

Naitwa Anaeli Swai, dereva mstaafu. Lori ni langu. Liko uani, kati ya jiko na migomba, pua limeielekeza getini, na juu ya kioo limeandikwa NARUDI kwa rangi nyekundu ambayo jua limeila mpaka ikawa ya waridi. Nililiegesha siku niliyostaafu, nikasema nitalitazama wiki ijayo.

Wiki ijayo ni ndefu, usione hivi.

Wewe unayesoma, usisimame tu hapo mikono mfukoni. Nishikie spana. Si hiyo. Ile kubwa.

Lori hili limewahi kukwea mlima wa Sekenke kinyumenyume, maana gia zote za mbele ziligoma na ya nyuma peke yake ndiyo iliyobaki na adabu. Mbuzi niliowabeba walifika wakidhani ndio kwanza tunaondoka. Safari nyingine nilifunga turubai huku kwetu mlimani asubuhi ya ukungu, nikaenda kulifungua Dodoma. Likatoka wingu. Zima. Likanyesha palepale sokoni, na mpaka leo kuna mtaa kule wanalima magimbi.

Mke wangu akinisikia husema, "Baba Elinami, mwaka jana hilo wingu lilikuwa dogo."

3.

Kazi za uani kwa mpangilio wa Mama Elinami. Alizisema akiwa jikoni, kwa sauti, ili na jirani afaidi:

kukata majani ya migomba
kuzibua mfereji, maji yanaingia kwa kuku
kufyeka nyasi mpaka getini, yaani mpaka getini, si mpaka uchoke
kupaka chokaa ukuta wa choo
na hilo

Hilo.

Hakulitaja jina. Alilionyesha kwa kidevu.

5.

Sehemu ya nne imepotea. Niliiweka hapahapa, kwenye bodi, pamoja na spana. Tuendelee, itaonekana.

Nilifyeka nyasi. Nilizibua mfereji. Chokaa ilibaki kidogo nikaipaka kwenye mawe ya njiani, ili Mama Elinami asiseme. Kisha nikafungua boneti. Familia ya panya ilinitazama kama mimi ndiye niliyekosea nyumba. Nikawahamisha kwa heshima. Nikasafisha tangi, nikatia dizeli mpya, nikatoa hewa kwenye mirija mpaka mapovu yakaisha. Nikashika feni, nikaizungusha kwa mkono: injini ikageuka, ikiguna kama mzee aliyeamshwa katikati ya mahubiri.

Hai!

Betri ndiyo haikuwa na uhai wowote. Lakini uwanja wetu una mteremko mzuri. Unatia gia ya pili, unakanyaga klachi, unaachia breki, lori linashuka lenyewe. Kabla ya geti unaachia klachi, injini inashtuka, inawaka. Tumewasha hivyo magari miaka yote na hakuna aliyelalamika, isipokuwa geti.

Basi nikainama kutoa vigingi vya magurudumu.

Inama na wewe. Unaona?

Siku ile ya kuegesha sikuwa na mawe karibu. Nilikata vipande vinene vya mmea wa isale, nikavipigilia ardhini mbele ya magurudumu: viwili mbele, viwili nyuma. Sasa, isale kwetu ndilo mpaka. Kila shamba mlimani limezungukwa nalo, kwa sababu ukilikata na kulichomeka kwenye udongo mbichi, linaota. Mtoto anayetambaa analijua hilo. Mzee mwenye haraka ya kwenda kupumzika halijui.

Yameota.

Manne yote. Na si kuota tu: yameshika. Moja limepitisha mkono ndani ya rimu, kama mtu aliyeshikilia mlango wa basi.

6.

Yaliyosikika kwenye kilabu cha mbege, Alhamisi jioni:

– Mmesikia? Lori la Anaeli limeota mizizi.
– Lori?
– Lina majani kabisa. Karibu lichanue.
– Basi si chuma chakavu tena, hilo ni shamba. Aje mpima ardhi.
– Mzee Kaleb, wewe ndiye jirani yake. Unasemaje?
– Mimi nasema isale likishasimama ni mpaka, na mpaka haung'oi mtu mmoja. Na nikiupima ule vizuri, usukani uko upande wangu.
– Utaendesha, baba?
– Nitapanda maharage.

7.

Lori nalo lipewe nafasi, lisije likasema limeonewa:

Nimebeba kahawa, saruji, maharusi, jeneza, kwaya nzima ikiimba. Sasa nimebeba majani ya mgomba na kuku anayeatamia kwenye kiti cha utingo. Silalamiki. Kuku haombi lifti.

Baridi ikiisha, jua likianza kunigusa bodi, asubuhi mtu huja.
Si mwenye spana.
Mwenye ndoo.
Humwaga maji kidogo gurudumu hili, kidogo lile,
                    kidogo
                                        kidogo.
Ningependa kumwambia kuwa magurudumu hayanywi ma

8.

Mtendaji wetu ni binti wa Mmari, nimemjua tangu akiwa anapanda bodi la lori bila ruhusa. Alikuja Ijumaa asubuhi na faili kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuliona kabla hawajalikata?"

"Nimekuja kukukumbusha. Kesho saa nne. Mkandarasi anakuja na winchi."

"Nipe mpaka wiki ijayo."

"Baba." Akacheka, kisha akaacha. "Nilikuwa darasa la pili ulipoanza kusema wiki ijayo."

"Sasa wakilichukua, nitakuwa nani?"

"Utakuwa Mzee Swai, kama sasa."

"Hapana. Sasa hivi mimi ni dereva ambaye gari lake lina hitilafu ndogo. Wakilichukua nitakuwa mzee mwenye uwanja."

Aliangalia uwanja. Umefyekwa, mfereji unaimba, mawe meupe pande zote mbili.

"Ni uwanja mzuri," alisema.

"Ndiyo maana naogopa."

9.

Ijumaa mchana tulichimba, mimi na Mama Elinami, yeye na jembe, mimi na maelezo. Mzee Kaleb alitoa ruhusa ya mpaka kutoka upande wake wa ua, bila kuombwa. Matatu yalitoka na mizizi yake mizima. Tukayapanda upya kando ya mfereji, Mama Elinami akayakanyagia udongo kwa kisigino, polepole, kama anayemfunika mtoto.

Nikaenda kwenye la nne, gurudumu la mbele upande wa dereva. Akaweka mguu.

"Hilo acha."

"Litanizuia."

"Nitaling'oa mwenyewe."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

Sikucheka. Naye hakucheka. Nilikwenda kunawa mikono.

4.

Imeonekana. Ilikuwa chini ya kiti cha utingo, chini ya kuku. Anayesema hapa si mimi. Ni mke wangu, Ndeonasia.

Chipukizi la kwanza nililiona wiki ileile aliyoegesha. Ningemwambia. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikaenda kuchota maji.

Nimeolewa na muungurumo. Ukishuka mlima, ameondoka. Ukipanda, amekuja, kafue nguo, kapike, usiulize. NARUDI, limeandikwa. Halikuandikwa lini. Elinami alizaliwa lori likiwa Tabora. Mama yangu alizikwa lori likiwa Tunduma, akarudi na zawadi ya mchele na hadithi ya chui aliyeomba kuongozwa njia. Watu msibani wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, ilichekesha.

Kisha akaegesha. Siku ya kwanza alikunywa chai mpaka ikaisha birikani. Siku ya pili vilevile. Nikaanza kumjua: anakoroma kwa zamu, anaogopa mende, anazungumza na migomba.

Kila mwaka jua la Septemba likirudi nilisikia akisema ataligusa lori. Nami nikichukua ndoo. Alidhani namwagilia maua.

Sikumfunga mtu. Nilimwagilia tu.

Lakini jana nimemsikia akimwambia yule binti kwamba anaogopa, na sijawahi kumsikia akisema hivyo, hata ile siku ya

10.

Jumamosi.

Mtendaji getini na faili. Mkandarasi nje na winchi, injini yake inaunguruma kwa dharau. Mzee Kaleb amekuja na kigoda chake, anasema amekuja kulinda mpaka.

Nikapanda kebini. Kwenye usukani palikuwa na jani la isale, limefungwa fundo.

Wewe huenda si wa huku, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mtu akikuletea isale anaomba msamaha. Humuulizi kwanza amefanya nini. Unapokea, ndipo mnaongea, au hamwongei. Nilitazama jani. Nikatazama kule chini, lile la nne, majani yake yanang'aa maji ya asubuhi. Udongo wote uwanjani ulikuwa mkavu. Pale tu palikuwa na unyevu.

Nimeendesha kote huko. Alama za barabarani nilikuwa nazisoma.

Nikalifungua lile fundo, nikalitia jani mfuko wa shati, upande wa moyo.

Mlango wa pili ukafunguka. Mama Elinami, kitenge kipya, kikapu mkononi. Kuku alifukuzwa bila notisi.

"Unakwenda wapi?" niliuliza.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Hapo barabarani tu. Nigeuze, nirudi."

"Lini?"

Nilitafuta uongo mzuri. Ninao mwingi, najulikana kwa hilo. Sikuupata hata mmoja.

"Sijui," nilisema. "Sijawahi kwenda na wewe."

Akavuta mlango. Haukufunga. Akauvuta tena, ukafunga.

"Na lile la nne?" nikasema. "Ulisema utaling'oa."

"Mimi niko humu. Likituachia, twende. Likikataa, kikapuni mna chai."

Mtendaji akainua mkono. Mzee Kaleb akasogeza kigoda nyuma, kisha mbele kidogo, aone vizuri.

Na wewe toka mbele ya gari. Simama kule kwenye migomba. Spana weka chini.

Gia ya pili.

Klachi.

Nikaachia breki.

Lori likashusha pumzi. Isale likainama.

Likainama tena.

Ndeonasia akaweka mkono juu ya mfuko wangu wa shati, pale penye jani, nami mguu wangu ukaanza kuinuka kutoka kwenye klachi, taratibu,