Mtandao wa Baba Vitus

Kabla jogoo hajawika, simu iliyoning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jiko ililia mara moja, mlio mfupi kama wa kijiko kugonga kikombe. Bibi Stefania alikuwa macho tayari, anapuliza moto. Simu ile aliitumia kama tochi, na kujua saa ya misa siku za Jumapili. Kwa kazi nyingine haikumfaa, kwa sababu kijiji cha Kilihembe hakikuwa na mtandao. Aliyetaka kuongea na mtu wa mbali alipanda baiskeli kuelekea Kiberege, mwendo wa saa nzima, na hapo barabara iwe kavu.

Akaitoa msumarini akaiangalia. Ilikuwa inamwarifu kwamba ujumbe wake umefika. Akausoma polepole, maana miwani ilikuwa chumbani. "Vitus baba yako mgonjwa sana tafuta gari." Ujumbe huo aliuandika mwaka wa nne sasa, mwezi wa mafuriko, akiwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya shule, mkono hewani, tangu adhuhuri mpaka jua likazama. Aliposhuka, mumewe alikuwa ameshafunikwa shuka.

Akageuka. Mumewe, Leodegar, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Miguu ilikuwa imelowa hadi magotini na majani ya mpunga yamemnasa kwenye suruali, ile ya kijivu waliyomzika nayo.

"Umeamkaje, Mama Vitus?"

"Salama, Baba Vitus. Wewe umeamkaje?"

"Salama. Ndege ni wengi mwaka huu."

Akamletea maji ya kunawa. Alikuwa bado anatafuta taulo simu ilipolia tena, safari hii mfululizo. Alikuwa ni Vitus, mtoto wao, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu. Alikuwa anahema. Alisema ameuona ujumbe, ameshaamsha mtu mwenye gari, wanatoka sasa hivi, je, baba anapumua?

Bibi Stefania alimwambia akae chini kwanza. "Baba yako alikufa, mwanangu, na wewe ulikuja ukamzika. Ujumbe ndio umechelewa."

Vitus akamwambia mwenye gari asubiri.

"Ila kwa sasa yupo hapa, ananawa. Unataka kumsalimia?"

Vitus alitoa shikamoo, baba yake akaitikia marahaba na kumwuliza kama miwa imefikia kukatwa. Waliongea hivyo kidogo, mambo ya miwa na mvua. Kisha Leodegar akairudisha simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Jua lilipochomoza, simu za nyumba za jirani zilikuwa zinalia kama vifaranga. Watu walitoka nje wakafuata mlio. Waligundua mapema kwamba kila ulivyokisogelea kigoda cha mzee, vijiti vya mtandao viliongezeka, na begani kwake, upande wa kushoto, vilijaa vyote vinne. Walimpa shikamoo mmoja mmoja, wakampa pole ya huko atokako, wakaomba ruhusa kabla ya kuinua simu zao. Hakuna aliyesahau adabu. Saa mbili mzee aliaga akarudi shambani kuamia ndege wasile mpunga, na mtandao ukaondoka naye. Jioni akarudi. Ikawa hivyo kila siku.

Kijiji kilikuwa na Kituo cha Maarifa. Mradi mmoja ulikijenga ili wakulima wapate habari na wajiinue, ukaleta kompyuta tatu na sola ya kuziwasha, na mgeni rasmi akakata utepe mbele ya kamera. Mtandao, walisema, ungefuata. Fausta, binti aliyeajiriwa kukiangalia kituo, alizishonea kompyuta vitambaa vya kuzikinga na vumbi, na kwa miaka miwili aliwafundisha watu kuandika majina yao tu, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufungua. Bibi Justa, jirani mwenye miaka themanini, aliandika lake mara nyingi hata akasema sasa amelichoka.

Sasa Fausta akawa anazibeba kompyuta kwa toroli kila jioni hadi kwenye baraza ya Bibi Stefania. Watu waliangalia bei ya mpunga katika soko la Ifakara, na mchuuzi aliyezoea kuja kuwatajia bei yake akakuta imeshatajwa. Waliangalia kama mvua ni wiki hii au ijayo. Walijiandikisha kupata mbolea ya ruzuku, na namba zao zikaja hapohapo. Bibi Justa alimwona mjukuu wake wa Mahenge akicheka kwenye kioo, akaligusa shavu lake kwa kidole. Muda wote huo Leodegar alikaa katikati ametulia, mikono juu ya magoti, kama mtu anayenyolewa. Hakujua mtandao ni nini. Alijua tu kwamba watu wanamhitaji akae, naye akakaa.

Aliyemwangalia zaidi alikuwa Edna, mke wa Vitus, aliyeishi hapo kwa mama mkwe wake na mimba ya miezi saba. Kwa heshima ya mkwe hakumtazama usoni. Alipiga magoti, akasalimia, akainuka. Lakini jua lilipozunguka barazani, alimtuma mtu akahamishie kigoda kivulini, na mzee alipoondoka alifagia majani ya mpunga yaliyobaki chini akayaweka kando, hakuyatupa.

Bibi Stefania aliyaona hayo yote na kuyatunza moyoni.

Mwezi wa pili tangu mzee arudi, mwenyekiti wa kijiji, Pantaleo, alikuja na wazee wawili na kuku mweusi. Walikaa. Waliulizia afya, watoto, mazao. Chai ilinywewa hadi kikombe cha pili kabla hajafika kwenye shida yake. Barua imetoka kwa watu wa minara ya simu, alisema. Mpimaji anakuja siku ya Alhamisi, asubuhi hadi saa saba mchana. Akikuta kijiji hakina mtandao, mnara utajengwa kabla ya masika. Akikuta upo, wataandika upo, na kijiji kitatolewa kwenye orodha.

"Sasa mama," alisema, akiangalia sakafu, "sisi hatuna mdomo wa kumwambia mzee asije nyumbani kwake."

Alikuwa anasema kweli. Huku bondeni mgeni haulizwi ataondoka lini, na mwenye nyumba haambiwi chochote. Aliyeweza kusema ni mkewe peke yake. Bibi Stefania alimpokea kuku. Alimfikiria mzee akikaa kila siku kama nguzo, miguu imelowa, na akafikiri kwamba mnara ungempumzisha.

Jioni, watu walipokwisha kuondoka, alimwambia, "Baba Vitus, Alhamisi usije."

Katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa hakuwahi kumwambia neno hilo. Leodegar alifikiri kidogo.

"Sawa," alisema. "Nitabaki shambani, juu ya dungu la kuamia ndege."

"Ni siku moja tu."

"Sawa, mama. Kwani nimekasirika?"

Alhamisi mpimaji alifika kwa pikipiki. Aliitwa Lukelo, mtu wa makamo, mwenye adabu, aliyevua kofia kila aliposalimia. Alikuwa na sanduku dogo lenye antena. Alizunguka nalo shuleni, kanisani, kisimani, na kila alipofika liliandika sifuri. Pantaleo alitembea nyuma yake akijizuia kutabasamu. Saa tano kasorobo walikuwa wamebakiza sehemu tatu tu.

Saa tano Edna alianguka mlangoni mwa jiko. Mimba ilikuwa bado wiki tano, na damu ilitoka nyingi. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi zahanati, na Noela, muuguzi, alipomfunua alisema maneno machache. Mtoto hawezi kutoka kwa njia yake, inatakiwa hospitali mjini Ifakara, inatakiwa gari lenye damu na mtu wa kuitia. Akatundika dripu.

Lukelo alikuwa ameshafika mlangoni, funguo za pikipiki mkononi. Alisema anakwenda mpaka penye mtandao, atapiga simu, dakika thelathini tu.

"Wewe nusu saa, gari saa nzima," alisema Noela. "Saa nzima nitajitahidi. Hiyo nusu yako ndiyo sina."

Hakuna aliyemtazama Bibi Stefania, na kutotazamwa huko aliona ni ukarimu, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajua anachokisubiri.

Akatoka nje. Pembeni ya zahanati shamba la mpunga lilianzia, likaenda hadi macho yanapoishia. Akaomba debe. Akaligonga mara tatu, akapumzika, akaligonga mara mbili, ndivyo alivyokuwa akimwita mumewe kutoka kwenye dungu kuja kula tangu walipooana. Upepo ukapita juu ya mpunga. Halafu mpunga ukagawanyika kwa mbali, na Leodegar akaja taratibu, anaangalia anapokanyaga ili asiyavunje masuke ya watu.

Pantaleo ndiye aliyemtolea kiti. Alikibeba mwenyewe, akakifuta kwa kofia yake.

"Uliniambia nisije," alisema Leodegar.

"Nimekuita."

"Kuna nini?"

"Mkweo."

Akakaa haraka kuliko siku zote, akanyoosha bega la kushoto. Noela alipiga simu akiwa ameinama juu yake, na upande wa pili wakapokea kwa mlio wa kwanza. Gari lilifika kwa dakika hamsini na mbili. Muda wote huo Leodegar hakuondoka, kwa kuwa dereva alikuwa anapiga kuuliza njia, na Vitus naye alikuwa anapiga kutoka Kidatu. Kwenye meza ya zahanati, sanduku la Lukelo lilikuwa linaandika.

Saa kumi jioni Vitus alipiga akiwa hospitali. Edna alikuwa ameamka. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, analia vizuri.

Lukelo alibaki barazani na fomu yake magotini. Alimpa Leodegar shikamoo ya pili. Kisha alimweleza Pantaleo, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba sanduku linajiandikia lenyewe na limeshatuma makao makuu, kwa mtandao wenyewe huohuo. Fausta alimwuliza kama hawezi kuongeza maelezo, aandike kwamba mtandao unatoka kwa marehemu, na unapatikana asubuhi na jioni. Lukelo aliigeuza fomu mbele na nyuma. Palikuwa na vijumba viwili tu, "Upo" na "Haupo".

"Ningekuwa na nafasi ya kuandika, ningeandika," alisema. Na Bibi Stefania alimwamini. Alimfungia mchele na samaki wawili wa kukausha, kitoga wa mtoni, ale njiani.

Barua ilikuja baada ya miezi mitatu. Pantaleo aliisoma kwenye mkutano. Kijiji kilipongezwa kwa kuwa miongoni mwa vijiji vilivyounganishwa, na Kituo cha Maarifa kilitajwa kama mfano wa kuigwa. Mnara ulijengwa mbali nao, kando ya barabara kuu, karibu na mingine miwili iliyokuwepo. Mtu mmoja nyuma aliuliza, na mzee akichoka je? Pantaleo aliikunja barua akasema hilo halimo humu.

Hakuna aliyemlaumu Bibi Stefania. Kesho yake alikuta mlangoni kikapu cha mihogo, na hakujua cha nani.

Jioni zikaendelea. Mtoto alipewa jina Evelina. Edna alimleta barazani amefungwa mgongoni, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza akasahau kutazama pembeni. Leodegar alimwangalia mtoto kwa muda mrefu, watu wamemzunguka na simu zao. Alikuwa amekonda. Siku hizi alipoinuka alishika ukuta, na maji ya miguuni mwake yalichelewa kukauka.

Jioni ile Bibi Stefania alisubiri hadi mtu wa mwisho alipotuma ujumbe wake na Fausta akaondoka na toroli. Alimsindikiza mumewe mpaka ukingo wa shamba, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Naona wanaongezeka," Leodegar alisema. "Leo wengine wametoka kijiji cha pili."

"Wanaongezeka."

"Nikikosa siku watapata shida."

"Watapata. Shida si yako."

Akakubali kwa kichwa, lakini alionekana hajakubali.

"Baba Vitus," alisema. Hakuwa mtu wa maneno matamu, hata alipokuwa msichana. Akamtoa jani la mpunga kwenye kola. "Kesho uje. Uje mapema, kabla hawajaamka, tukae. Uje hata kama mtandao umekuishia."