Nyuzi Mbili za Kilio

Kombo alinipiga kichwa puani kwa sababu ya nyuzi mbili za gitaa. Nilikuwa nimeshika randa, naye amesimama karibu mno, na damu yangu ikamwagikia ubao wa mninga niliokuwa nauandaa kwa ajili yake. Hasira hasara, watu husema. Mimi hasara zangu nimezizoea, nikamrudishia ngumi ya shavu.

Kombo ni mume wa Biubwa, mdogo wangu wa tumbo moja. Hadi mwaka sitini na saba hapakuwa na mpiga gitaa wa kumshinda kutoka hapa Bagamoyo mpaka Kerege. Kisha baruti ya kuvulia samaki ikamlipukia huko Mbegani, ikauchukua mkono wa kushoto, kikabaki kigutu. Bendi yake ilimngoja miezi sita. Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo ya mwisho: asipopiga mbele yao, nafasi yake anapewa Ausi wa Kerege, mtu mwenye nyimbo mbili tu, na zote mbaya.

Kombo aliwahi kumwona Mgoa mmoja Dar es Salaam amelaza gitaa mapajani, anatelezesha chuma juu ya nyuzi bila kubonyeza kwa vidole. Akasema hilo ataliweza, chuma akikifunga kwa ukanda kwenye kigutu. Nikakubali kumtengenezea bure. Ila kwenye kichwa cha gitaa nikachora alama sita za matundu ya vigingi vya kukazia nyuzi, maana gitaa ni nyuzi sita.

"Shemeji, nataka nane," alisema. "Chuma changu hakipindi. Kikitua, kimetua juu ya zote. Zikiwa sita nitazikaza zote kwa sauti ya furaha, basi nitacheka mpaka kufa. Niongezee mbili za kilio."

Sikutaka kumsikia akilia, hiyo ndiyo kweli yangu. Nikamjibu, "Mtu hana mkono wa kuvunjia chawa, anataka nyuzi nane!"

Ndipo aliponipiga kile kichwa.

Tuliangusha misumeno na kopo la gundi. Aliniuma bega mpaka nyama. Nikamkaba koo, nikamburuta hadi kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, nikakitia kigutu ndani na kukaza mpini. Kidonda kilikuwa hakijapona sawasawa, kikafumuka. Alipiga ukelele, nami nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Mkono nimeupoteza mwenyewe kwa kuchelewa kurusha!" alipaza sauti. "Nimekubali! Lakini gitaa usinikatie wewe, Pazi!"

Miezi sita mji mzima ulimwita mzembe, naye akakubali, nami nikanyamaza. Sikuweza tena.

"Hukuchelewa," nikasema. "Chupa za baruti nilikujazia mimi, unajua. Usilolijua ni kwamba ile ya mwisho utambi niliukata nusu, samaki wasipate muda wa kukimbia. Nilisahau kukwambia."

Biubwa alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Kila siku huniamkia shikamoo kabla hajavuka kizingiti. Siku hiyo hakuniamkia. Aliweka bakuli chini, akamfungua mumewe, akamfunga kigutu kwa ncha ya kanga. Kombo akaokota patasi, akanijia.

"Usimguse," Biubwa alimwambia. "Bado hajatoboa."

Nikashika keekee, nikatoboa huku damu ikinidondoka kidevuni. Kombo alikaa juu ya maranda, patasi mkononi, akihesabu kwa sauti. Alipofika sita nilisimama kupumua.

"Endelea," alisema.

Nikatoboa la saba na la nane. Kombo akapapasa matundu yale moja moja, akatokwa na machozi, patasi akaitupa.

"Mwache," akamwambia mkewe. "Jumamosi nitapiga."

"Wewe umeshapata chako," Biubwa akajibu. "Mimi miezi sita nimekuosha kidonda huku nikikutukana kwa uzembe wako."

Akanigeukia. "Kaka, lete mkono."

Niliuweka mwenyewe kwenye jiliwa, wa kushoto. Biubwa, mtoto niliyembeba mgongoni mama yetu alipokuwa shamba, alishika mpini kwa mikono miwili, akakaza. Niliposema basi, hakuacha.