Kokoto Hazina Kazi

Jana usiku niliota dereva wa lori la kokoto yuko sebuleni kwangu anakunywa chai, na lori lenyewe liko jikoni. Mchana tulikuwa tumeelewana kwa simu alete mzigo asubuhi, tufunike ukoka wa mbele ya nyumba, maana umejaa ndago, magugu yasiyokwisha. Mume wangu, Baba Atu, tangu astaafu anazing'oa kutwa nzima na mgongo unamtesa. "Kokoto hazina kazi, mama," dereva aliniambia. "Ukishamwaga, umemaliza."

Sasa kokoto zinaingia mlangoni moja moja, zinajipangusa miguu. Kila moja ina bahasha ya kaki kwapani. Kwapa lenyewe sikuliona.

"Shikamoo mama," inasema ya mbele. "Tunatafuta kazi."

"Marahaba. Kazi gani tena? Nyie ni wa kulala tu hapo nje."

"Kulala tumelala sana. Si umeambiwa hatuna kazi?"

Namtazama dereva. Anaongeza sukari. "Nilikwambia wazi kabisa," anasema.

Sijui tumetokaje sebuleni, ila tuko kwenye ukoka, na ndago mmoja amekaa nyuma ya meza, amevaa miwani. Ndiye mwajiri. Nataka kucheka, siwezi.

"Hapa nafasi ilikuwa moja," ananiambia. "Mwenye nayo umemwachisha wewe."

Naangalia foleni ya kokoto. Mwisho kabisa yuko Baba Atu, wa kijivu, urefu wa kidole gumba, ameshika bahasha yake.

"Baba Atu! Unafanya nini hapo?"

"Si sina kazi, Mama Atu."

"Na mgongo?"

"Mgongo nimeuzoea. Kukaa bure ndiko sikuwezi."

Kabla sijamjibu, dereva anashika beleshi, anaanza kusambaza. Napiga kelele kwamba mmoja wao ni mume wangu, asimguse.

"Yupi?" anauliza.

Naziangalia. Zote za kijivu, zote zinanitazama. Naita, "Baba Atu!"

Kokoto zote zinaitika, "Naam."

Hofu inanishika. Napiga magoti, naziokota moja moja na kuzipakata kwenye kitenge, na sijui hata natafuta alama gani.

Nikaamka nahema. Kumekucha. Nikapapasa kando yangu: yupo, mrefu kama kawaida, ana joto. Nikalia kidogo, kisha nikampigia dereva asije.

Baba Atu akafumbua jicho moja.

"Foleni imefika wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia zamu yake imefika, avae mabuti.