Kibuyu Chenye Ufa

Kibuyu kilifika nyumbani kwetu Kwamndolwa siku ya Jumanne, kimefungwa kwa kanga kuukuu, nami nilikitambua kabla mke wangu Dorkasi hajamaliza kulegeza fundo. Kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa mkonge, kutoka shingoni hadi tumboni. Nilikuwa nimekiona mara moja tu, miaka mitatu nyuma, na mara hiyo ilitosha kumtoa mtu kanisani.

"Kaka anasema kirudi kimejaa," alisema Dorkasi. "Na ukibebe wewe mwenyewe. Asitumwe mtu."

Kaka yake ni Jonathan, wa Vugiri. Binti yetu Paulina alikuwa anaolewa mwezi wa Agosti, na kwetu Wasambaa binti hatoki bila neno la mjomba. Mjomba huletewa kibuyu cha boha, pombe ya muwa. Humwaga kidogo chini, huonja kidogo, humtemea binti mate ya baraka, basi. Asipofanya hivyo kanisa litafungisha ndoa, sikatai, lakini kila mimba itakayoharibika na kila sufuria itakayorushwa katika nyumba hiyo watu watasema ni mjomba. Paulina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na vitabu. Aliposikia habari ya kibuyu aliniambia bila kupepesa: "Baba, bila mjomba siendi."

Sasa mimi, Kaleb, ni mwinjilisti. Mwaka huo wa sabini na nne nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na pombe haikuwahi kupita kooni kwangu tangu nizaliwe. Divai ya Meza ya Bwana, ndiyo, na hiyo niliimeza kama mtu anayemeza kwinini. Nilihubiri juu ya pombe hata siku ya Krismasi. Valerian, mchumba wa Paulina, ni Mkatoliki, na siku moja aliniuliza kwa adabu nasemaje juu ya arusi ya Kana. Nilimjibu kwa saa moja na nusu. Hakurudia kuniuliza.

Sheria ya usharika ilikuwa fupi: anayekunywa na anayepika, jina lake linasomwa mbele ya watu, naye anatengwa na Meza. Nilipokuwa mwinjilisti wa Vugiri niliongeza neno moja kwa mkono wangu: na anayebeba. Nililionea fahari sana neno hilo.

Jonathan nilimsoma kwa sheria hiyo. Alikuwa mlevi kweli, hilo halina ubishi, lakini alikuja kwangu akasema ameacha, na ikapita miezi minne. Nikamtembelea Jumamosi moja bila taarifa. Kibuyu kile kilikuwa pembeni ya meko, kizibo kimeruka, povu linateremka ubavuni. "Shemeji," aliniambia, "hayo ni maji ya muwa. Niliwakamulia watoto jana. Yamechacha yenyewe." Nilicheka. Ningependa kusema nilisikitika, lakini nilicheka. Kesho yake nikasoma jina lake, na tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani. Mwaka huohuo nikahamishiwa Kwamndolwa.

Basi tangu Jumanne hiyo sikutulia. Nikikaa, nasimama. Nikiandaa mahubiri, macho yanakwenda kwenye kibuyu. Niombe boha kwa nani, mimi? Nikatae, nimvunje binti moyo? Dorkasi alikuwa ananitazama tu huku akichambua mchicha, na kutazama kwake kulinikera kuliko maneno.

Jumatano asubuhi nikapata hila, nikaona ni Roho ameniongoza. Boha si muwa? Ningemkamulia maji ya muwa mabichi, matamu, yasiyo na kosa. Kibuyu kingejaa, mila ingetimia, na sheria ingebaki nzima. Kama wazee wangedhani ni boha, hayo yangekuwa yao. Sikupanga kusema uongo. Nilipanga kutosema.

Jirani yetu Mzee Athuman, Mzigua, alikuwa na miwa bondeni na kinu cha kukamulia. Alikuwa Mwislamu wa sala tano, na pombe aliichukia kama mimi, ila yeye bila kupiga kelele. Alinikamulia alfajiri ya Alhamisi huku anacheka kichinichini.

"Mwinjilisti, hayo maji unayapeleka mbali?"

"Vugiri."

"Na chombo ni hicho?"

"Ndicho hiki."

"Haya," alisema. "Mimi najua kukamua tu. Yaliyobaki anajua Mungu."

Nilidhani ananibariki.

Nyumbani Dorkasi aliuliza kama akisuuze kibuyu kwa maji ya moto na majivu. Nilikataa. Kibuyu kile kilikuwa na harufu ya miaka arobaini ya boha, na kikimwagiwa maji ya moto ingepanda harufu hadi kwa mjumbe wa nyumba kumi, wakati ndani ya nyumba anakaa mwinjilisti. Nikakisuuza haraka kwa maji baridi, nikajaza, nikakaza kizibo cha gunzi. Dorkasi akayarudisha majivu mekoni. Mtu aliyejiepusha na pombe maisha yake yote hajui inavyozaliwa. Ndiyo maana nasema kutojua nako kuna kiburi chake.

Asubuhi hiyohiyo tuliondoka watatu, mimi, Dorkasi na Paulina. Kituoni Korogwe hakukuwa na gari. Malori yalikuwa yamekwenda Handeni kuhamisha watu na mabati yao kwenye vijiji vya ujamaa, na kila aliyeulizwa alijibu "Operesheni", na neno hilo likamaliza maswali. Tukakaa juani tangu saa tatu hadi saa kumi. Kibuyu nilikipakata mwenyewe, maana niliambiwa nikibebe mwenyewe. Washarika wangu walipita wakanisalimia, "Shikamoo mwinjilisti," kisha macho yao yakashuka polepole kwenye mapaja yangu. Niliinuka, nikakaa, nikakifunika kwa koti, nikaona kukifunika ni kubaya zaidi, nikakifunua.

Lori lililopatikana lilitushusha chini ya mlima jioni, na usiku huo tulilala shuleni kwa mwalimu anayefahamiana na Paulina. Ijumaa asubuhi, tulipoanza kupanda, nilisikia kitu kama mtu anayenong'ona karibu na kwapa langu. Nikasimama. Kikanyamaza. Nikatembea, kikaanza tena.

"Mama Paulina," nilisema, "hiki kibuyu kinatoa sauti."

Dorkasi aliendelea kupanda bila kugeuka. "Kinasalimia kwao."

Nilitaka kukimwaga. Mungu ni shahidi, nilifika hadi kushika gunzi. Paulina alikuwa mbele yetu na viatu vyake mkononi, akipanda mlima kama mtoto anayerudi kwa bibi yake. Nikauacha mkono ukaanguka. Jasho lililonitoka halikuwa la mlima peke yake.

Jonathan alikuwa uani na wazee wawili wa ukoo, wamekaa kwenye viti vya miguu mitatu. Amezeeka, nilifikiri, kisha nikakumbuka kwamba ni mdogo kwangu. Paulina alipiga magoti. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akaniangalia mimi, hakunisalimia, akanyoosha mikono miwili.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga njia nzima. Lakini nilipokiinamisha kibuyu kumkabidhi, gunzi lilifyatuka likampita mzee mmoja sikioni, na povu likanimwagikia kifuani, kwenye koti jeusi la kuhubiria, likashuka hadi kwenye viatu. Ua lote likanuka boha. Mzee mmoja alisema, "Imeiva vizuri," kwa heshima kabisa.

Nikasikia sauti yangu ikisema: "Shemeji, hayo ni maji ya muwa. Nimeyakamua jana. Yamechacha yenyewe."

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka. Maneno yalikuwa yameshatoka, nami nikayasikia mara ya pili, safari hii kwa sauti ya Jonathan, pembeni ya meko, miaka mitatu nyuma. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeushika mpini siku zote.

Jonathan alichukua kibuyu, akakifuta ubavu kwa kiganja. Akamwaga kidogo chini, akataja majina ya wazee wao. Akagusisha midomo tu, akamtemea Paulina mate ya baraka kwenye paji la uso na viganja. Paulina alilia kwa furaha. Kisha Jonathan akamimina kidogo kwenye kata, akanipa.

"Onja, shemeji. Utwambie ni nini."

Nilionja. Ilikuwa chachu, ikauma ulimi, na chini yake kulikuwa na utamu ambao bado ulikuwa wa muwa. "Ni pombe," nilisema.

"Na ulipoijaza?"

"Ilikuwa maji ya muwa."

Alinitazama, na sikuona ushindi usoni mwake. Ningalimwelewa zaidi kama ningaliuona.

"Nakuamini," alisema.

Dorkasi aligeuka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, ile kanga kuukuu iliyokuja na kibuyu.

"Uliponisoma," alisema Jonathan taratibu, "nilikuwa sijanywa siku mia na ishirini na moja. Nilikuwa nazihesabu kwa mahindi kwenye chungu. Siku ile nikawarushia kuku. Nikanywa mwaka mzima baada ya hapo, kwa nini nisinywe, si nimeshaadhibiwa? Nimeacha tena peke yangu. Safari hii sihesabu."

Jumapili, tukiwa bado Vugiri, nilimwomba mwinjilisti wa hapo daftari la zamani la waliotengwa. Mwandiko ulikuwa wangu, ule wa herufi zilizosimama wima kama askari. Nikasimama mbele ya washarika na koti lenye doa, nikasoma jina langu: Kaleb, amebeba pombe kutoka Korogwe, ameionja, na ametaka kuwahadaa wazee wa ukoo. Kisha nikasoma la Jonathan, nikasema kwamba alisema kweli na mimi nilicheka, nikalipiga mstari mbele yao wote. Nikaomba msamaha kwake na kwao.

Nilikuwa nimemtumia Jonathan habari Jumamosi kwamba nitafanya hivyo, aje. Nilisoma polepole ili apate muda. Wimbo wa mwisho ulipoimbwa bado nilikuwa natazama mlango, na kila kivuli kilichopita kiliniinua kichwa. Jonathan hakuja. Mwezi wa Agosti alikuja kwenye arusi, akakaa na Mzee Athuman, wakanywa chai wote wawili. Kanisani hajarudi hadi leo, nami kila Jumapili, kabla ya kufungua kinywa, natazama mlango kwanza.