Swali la Tisa

Siku hiyo aliyetega ni mjukuu wangu. Mimi nilikuwa nakunja nguo zilizokauka, yeye kakalia kapu la nguo, mahali ninapomkataza kukaa tangu ana miaka mitano.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Naingia kwake bila hodi na kutoka, ananipunguzia uzito, lakini pumzi hanipi."

Nikafikiri, nikasema kaburi. Akacheka mpaka kapu likalia chini yake. "Bibi! Kaburini unaingia ukatoka?"

"Basi tumbo la mama."

"Wapi! Nipe mji."

Ndiyo sheria ya mchezo. Ukishindwa unatoa mji, mwenzio anautawala kwa maneno, kisha anakupa jibu. Nikamwambia, "Haya, Chura, nakupa bahari nzima. Nenda ukawatawale pweza."

Jibu lilikuwa maji. Kabla sijamaliza kujicheka, akachomoa karatasi chini ya paja. "Umenipa bahari, Bibi. Umesema mwenyewe kwa mdomo wako. Sasa tia sahihi."

Chura ni jina nililompa mimi kwa kupenda kwake maji. Mama yake alipata kazi mbali, akaniachia mtoto nikamlea. Sasa alikuwa na miaka kumi na saba na amechaguliwa chuo cha sayansi ya bahari. Huko kuna njia mbili. Wa maabara wanakaa kwenye kiti na hadubini, wanaletewa bahari ndani ya chupa. Wazamiaji wanaifuata chini wenyewe, mtungi wa hewa mgongoni, wanahesabu matumbawe yaliyo hai na yaliyokufa, wanaandika kwenye kibao cha plastiki kwa penseli, maana penseli huandika hata majini. Mimi nilitaka chupa.

"Bibi, aliyeletewa habari na aliyekwenda kuona, yupi anajua?"

Nikaivuta ile karatasi karibu.

Aliye chini ya miaka kumi na minane husainiwa na mlezi ndipo azamie. Miwani yangu ilikuwa kwa fundi, mguu wake umekatika, kwa hiyo alinisomea yeye. Maswali ya afya, kumi na mawili. Una pumu? Hapana. Una kifafa? Hapana. Nikawa naitikia kama mtu anayesikiliza dua. Baada ya la nane akakohoa, akanywa maji, akaendelea. Nikaandika jina langu kwa zile herufi zangu za shule ya msingi, kubwa kubwa, kila moja imesimama kivyake.

Wakaanza kujifunza kwenye bwawa la chuo. Wiki ya pili nikaona doa la manjano kwenye foronya yake.

"Maji ya bwawa hayo, Bibi. Wanatia dawa."

Nikaifua foronya. Wiki iliyofuata nikaifua tena.

Kisha ikafika siku ya kukabidhi karatasi, maana kesho yake wanafunzi sita walikuwa waingie baharini kwa mara ya kwanza. Chura akaisahau yake juu ya kabati. Nikajifunga kanga, nikampelekea. Alikuwa bado anavaa, basi nikakaa kwenye benchi kando ya bwawa. Miwani nilikuwa nayo, imeshatengenezwa. Mtu mwenye miwani mipya husoma hata kibandiko cha sabuni. Nikasoma karatasi.

La tisa: Ngoma ya sikio lako imewahi kutoboka? Alama ilikuwa kwenye Hapana.

Sikio lile la kulia nalijua kuliko uso wangu. Alipokuwa na miaka saba lilitoboka, na mwaka mzima nilikuwa nasokota kitambaa safi, nalikausha asubuhi na jioni, naye kichwa chake kimelala mapajani mwangu. Nikakikumbuka kile kikohozi. Kilikuwa kimekaa pale pale, kati ya la nane na la kumi.

Nikamfuata mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Suti yake ya kuzamia ilikuwa imefika kiunoni.

"Chura. Swali la tisa lilikwenda wapi?"

Akaangalia karatasi, akaangalia nyuma yangu. "Bibi, taratibu, watasikia."

"Na lile doa? Ni dawa ya bwawa?"

Mkono wake ukapanda sikioni wenyewe, akaushusha.

"Linauma?"

"Kidogo tu. Likizoea litaacha. Bibi, nafasi ni sita. Nikitoka leo wanamwingiza mwingine. Nakuomba. Ulinipa mji."

"Ule ni mji wa mchezo!"

"Kwangu haukuwa mchezo."

Neno hilo likanichoma. Kumbe siku ile tulikuwa wawili, na aliyekuwa anacheza ni mmoja.

Mwalimu wao akaja, filimbi shingoni. "Shikamoo Bibi! Umemletea Chura karatasi? Huyu asingefungwa kichwa shingoni angekisahau nacho."

"Marahaba, mwanangu. Nimeileta. Lakini ina uongo ndani, na sahihi iliyo chini ni yangu."

Aliisoma. Mzaha ukamtoka usoni. "Unajua chini kule maji baridi yakipenya sikioni nini hutokea? Mtu anashikwa na kizunguzungu, hajui juu ni wapi. Anaogelea kwenda chini akidhani anapanda." Akachukua kalamu, akakata jina la Chura kwenye orodha ya wale sita.

Chura hakulia. Alinitazama tu. "Umeniuza, Bibi. Mbele za watu."

"Wewe uliniuza kwanza. Kwa mkono wangu mwenyewe."

Daktari alikuta tundu dogo kama ncha ya sindano. Akasema lisubiriwe lizibe. Likigoma kuziba, basi ni maabara. Miezi minne Chura alinisalimia kama mtu anavyomsalimia mwenye nyumba, shikamoo na mlango. Sikio nililikausha kwa kitambaa kama zamani, akinipa kichwa bila kunipa neno. Kapu la nguo hakulikalia tena.

Likaziba. Daktari akaandika, chuo kikampa nafasi katika kundi lililofuata. Akaja na karatasi mpya, akaiweka mezani pamoja na miwani yangu.

"Soma mwenyewe."

Nikasoma yote. La tisa alikuwa ameweka alama kwenye Ndiyo, na barua ya daktari imebanwa nyuma. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaiweka chini.

"Nisomee wewe. Kwa sauti."

Akanitazama, akaichukua karatasi, akaanza. Pumu. Kifafa. La saba. La nane. La tisa akalisoma neno kwa neno, polepole, hakukohoa. Lakini aliponyanyua macho alinikuta namwangalia koo, na alijua kwa nini.

Nikatia sahihi. Hakuna aliyesema tega.