Mstari wa Nne wa Asmahani

Kwa miaka kumi na mmoja Asmahani alikuwa rubani msaidizi, mistari mitatu begani, mmoja pungufu ya kapteni, huku wengine walioajiriwa baada yake wakipanda kuwa makapteni. Mara ndege ni chache, mara bajeti, mara "subiri kidogo, dada." Hatimaye alipoitwa kwenye safari ya mtihani, akapangiwa Dar es Salaam kwenda Tabora, kwao. Mama yake, Bi Swaumu, alitoka nyumbani Isevya mapema kwenda kumsubiri uwanjani.

Asmahani alikaa kiti cha kushoto, cha kapteni. Kulia alikaa mtahini wake, Kapteni Nestory, mtu asiyejua kucheka.

Mvua ilikuwa imeumeza mji mzima wa Tabora. Asmahani aliishusha ndege hadi kimo cha mwisho kinachoruhusiwa. Mbele kweupe pe, uwanja hauonekani. Akapaa, akazunguka, akashuka tena. Taa za uwanja zikachungulia, zikapotea.

"Naziona," Nestory akasema. "Tua."

Asmahani akakodoa macho mbele. Chini ya wingu lile kulikuwa na cheo chake na mama yake.

"Mimi sizioni, Kapteni. Napaa. Tunakwenda Mwanza."

"Umefikiria unachokifanya?"

"Nimefikiria."

Walitua Mwanza. Abiria walinung'unika. Mkulima mmoja wa Urambo alisimama mlangoni mwa chumba cha marubani, macho mekundu.

"Kaka yangu anazikwa Tabora leo saa kumi," alimwambia Asmahani. "Umeninyima kumzika."

"Nisamehe, baba," akajibu.

Mlango ulipofungwa, Nestory akatoa kalamu.

"Taa niliziona kweli. Pengine tungetua salama. Lakini aliyeshika usukani ni wewe, na rubani hatui kwa macho ya mwenzake." Akatia saini. "Umefaulu. Ila nafasi ipo Kapteni Selemani akistaafu, mwezi wa tisa."

Asmahani akampigia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuwa kapteni?"

"Nimefaulu, mama. Nasubiri nafasi."

Bi Swaumu akavuta pumzi. "Bado tena! Haya, njoo. Huku mvua imekatika."

Walitua Tabora saa kumi kasorobo. Mkulima alishuka wa kwanza, akakimbia bila kugeuka. Mstari wa nne ulichelewa tena; ulimfikia Asmahani mwezi wa kumi na moja.